Kilo za Mwalimu Mkuu na Nukta Isiyosogea

Ninyi walimu vijana mnaopanda milima yetu na kompyuta mgongoni, hebu tueni mizigo kidogo mnisikilize. Nimestaafu. Sina cheo, sina chaki, na goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Lakini nilifundisha Hisabati miaka thelathini na moja, karibu yote huku Upareni, na nina mambo ya kuwaambia kuhusu slaidi za thamani ya nafasi na desimali. Hamtayasikia chuoni, kwa sababu mengine ni ya aibu na wenye aibu zao huwa hawaandiki vitabu.

Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja kabla ya kustaafu pale afisa elimu kata alipotuletea projekta na kompyuta shuleni kwetu, huku juu Mamba. Vilikuja na masharti. Vingekaa kwetu muhula huo mmoja, kisha wathibiti ubora wa shule wangekuja kutazama somo. Wakikuta vinatumika, vinabaki. Wakikuta vimewekwa pambo, vinashuka tambarare kwa shule nyingine, na tulisikia shule hiyo ilikuwa tayari imeshafagia chumba cha kuviweka.

Sasa Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kajiru, alikuwa mtu mwema sana, mnene kiasi, na mwenye hofu ya vitu vya thamani. Siku ya kwanza tu aliifunika projekta kitambaa cha kudarizi, akaifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni mwa koti. Ukitaka projekta ilibidi umkute na koti, na siku za jua alikuwa analiacha nyumbani. Mimi niliitaka projekta ile. Darasa la Tano walikuwa wanagombania kitabu kimoja watoto watano, huyu akisoma juu chini, yule akisoma kiwiko cha mwenzake. Ukuta wenye mwanga ulikuwa kitabu cha kwanza kilichowatosha wote. Niliapa moyoni kwamba haitashuka mlima nikiwa bado nafundisha.

Aliyenifundisha kuitumia ni Mwalimu Gladness, binti wa Same mjini, mgeni kazini, mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi. Alikuwa na slaidi za desimali alizopewa chuoni.

"Shikamoo Madam Nakiete. Hizi slaidi zinaharirika," akaniambia.

"Marahaba. Zinaharirika ndiyo nini?"

"Unaweza kubadilisha kitu chochote. Maneno, picha, hata namba. Siyo kama kitabu."

"Chochote?"

"Chochote, Madam."

Maskini, alikuwa hanijui vizuri.

Slaidi zenyewe zilitengenezwa mbali. Ya kwanza ilikuwa na matunda mekundu madogo ambayo sijawahi kuyala mpaka leo. Ya pili ilipima kina cha theluji. Ya tatu ilikuwa na mkate wa duara wenye jibini, umekatwa vipande kumi, na mtoto akala vitatu. Niliwaonyesha Darasa la Tano ule mkate, na kwa dakika ishirini hakuna aliyejifunza desimali, wote walikuwa wanabishana kama ule ni mkate au ni chapati iliyomwagikiwa mboga. Hili mlishike: picha ya kigeni inakula somo lako. Tulifuta matunda, tukaweka tangawizi. Tulifuta theluji, tukaweka mvua kwenye ndoo. Mkate ukawa sinia la makande, ingawa kukata makande vipande kumi kulinisumbua akili.

Makosa nilifanya mengi. Siku ya kwanza nilifuta slaidi zote kwa kidole kimoja, nikabaki natazama ukuta mweupe. Gladness akabonyeza vitufe viwili, zikarudi zote. Nilimwuliza kama vitufe hivyo vinafanya kazi pia kwenye ndoa, akacheka mpaka akakaa chini. Kosa la pili lilikuwa la kuandika namba nzima kwenye kisanduku kimoja. Msifanye hivyo. Kila tarakimu iwe na kisanduku chake, ili mtoto aweze kuishika na kuihamisha peke yake. Nane iwe nane, nne iwe nne. Ukizifunga pamoja umeua slaidi, imekuwa bango.

Na kusoma, jamani! Msiwaruhusu waseme "mbili nukta arobaini na tano." Waseme "mbili nukta nne tano." Huku kwetu kikundi cha wakulima wa tangawizi kilinunua mizani mpya, ile ya kukanyaga inayoonyesha namba kwa taa nyekundu. Siku moja mama mmoja alipima tangawizi yake ya mbegu ikasoma 2.45, ya jirani yake ikasoma 2.5. Yule wa arobaini na tano akamcheka mwenzie wa tano njia nzima mpaka kisimani. Nilitembea nyuma yao na ndoo yangu, nikachora kwenye vumbi 2.45, na chini yake 2.50. Yule wa arobaini na tano akaniambia mizani yangu ya vumbi ni mbovu. Lakini watoto niliowachorea vilevile darasani walielewa, kwa hiyo nawaachia ujanja huo: jaza sifuri upande wa kulia, halafu linganisha nafasi kwa nafasi.

Mizani hiyohiyo ndiyo iliyoniponza. Jumamosi moja Mwalimu Mkuu alipita pale kikundini, akaikanyaga, anasema anajaribu tu. Namba ikawaka: 84.6. Watu wote kwenye foleni wakaisoma kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha vizuri, "themanini na nne nukta sita." Mwalimu Mkuu akashuka akasema mizani imepata unyevu.

Mimi nikarudi nyumbani nikiwa na namba nzuri. Ina makumi, ina mamoja, ina sehemu za kumi, na kila mtoto anamjua mwenyewe. Nikatengeneza slaidi: "Mwalimu Mkuu ana kilo 84.6. Zidisha kwa kumi." Ilikuwa ya mazoezi tu, ya sisi na watoto, siku Mwalimu Mkuu akiwa mkutanoni. Ya wageni nilitengeneza nyingine, yenye mzigo wa tangawizi wa kilo 84.6, ya heshima kabisa. Ya wageni nikaipa jina "Desimali Mwisho." Ya mazoezi, kwa kuwa niliihifadhi baadaye, nikaiita "Desimali Mwisho Kabisa." Mmeshaona nilipokosea. Mimi sikuona.

Kabla sijafika huko, lazima niwaambie habari za harage. Mimi kazi nilianzia Gonja, chini ya Mwalimu Zefania, Mungu amlaze pema. Mtu mrefu, mkavu, hakutania hata siku moja, na alinipenda kama binti yake. Desimali alizifundisha kwa harage bichi. Unachora tarakimu mezani kwa chaki, harage linakuwa nukta. Ukizidisha kwa kumi, harage linaruka hatua moja kwenda kulia. Ukigawanya kwa kumi, linaruka kushoto. Watoto walilipenda harage lile mno. Mmoja alilipenda hadi akalitia puani, tukamkimbiza hospitalini. Muuguzi akauliza, "Ameingiza nini puani?" Mwalimu Zefania akajibu kwa uzito wake wote, "Nukta." Muuguzi akaandika.

Nilichukua njia ya harage nikaifundisha maisha yangu yote. Ubaoni sikuwa na harage, nilikuwa na chaki: nafuta nukta hapa, naichora pale. Sogeza nukta, sogeza nukta. Nilisema maneno hayo mara nyingi kuliko jina la mume wangu.

Basi wageni wakaja. Walikuwa wawili, na kiongozi wao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na daftari gumu. Wakakaa nyuma, Mwalimu Mkuu katikati yao akiwa na koti lake, afadhali siku hiyo alikuwa nalo. Gladness alishika kompyuta, mimi nikasimama mbele. Nikamwambia, "Mwalimu, tufungulie ile ya mwisho." Naye akaona mbili, akafungua ile iliyokuwa ya mwisho kabisa. Nani angemlaumu?

Ukuta ukawaka kwa herufi kubwa: MWALIMU MKUU ANA KILO 84.6.

Darasa likalipuka. Mmoja alicheka mpaka akadondoka kwenye benchi, na wenzake wakamcheka yeye, ikawa sherehe. Sikuthubutu kutazama nyuma. Ningefunga ile slaidi ningeonekana nimeficha kitu, kwa hiyo nikafanya kile anachofanya mwalimu yeyote mwenye hatia, nikaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

"Tulieni! Tunazidisha kwa kumi. Tunafanya nini na nukta?"

"Tunasogezaaa!"

Gladness akaishika nukta kwa kipanya, akaiburuta kulia, akaiweka baada ya sita. Watoto wakasoma, "Mia nane arobaini na sita!" Wakacheka tena, kwani kilo hizo ni ng'ombe wawili na nusu. Nikaanza kupumua. Ndipo mkono ukainuka safu ya pili. Nakundwa, binti mdogo wa sauti ndogo, ambaye hakuwa anainua mkono bila sababu.

"Madam, samahani. Sita bado iko kwenye sehemu za kumi."

Nikatazama ukuta. Juu ya tarakimu tulikuwa tumeandika vichwa vya nafasi: maelfu, mamia, makumi, mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Nukta ilikuwa imehama, lakini vichwa vilikuwa palepale. Nane ilikaa chini ya makumi kama mwanzo. Nne chini ya mamoja. Sita chini ya sehemu za kumi. Nafasi ya mamia ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo," Nakundwa akasema, "Mwalimu Mkuu hajaongezeka hata kidogo."

Nyuma nikasikia Mwalimu Mkuu akikohoa kwa kuridhika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitanii. Nilielewa papo hapo. Nukta haisogei. Haijawahi kusogea. Kazi yake ni kusimama kati ya mamoja na sehemu za kumi, basi. Tarakimu ndizo zinazohama, kila moja inapanda nafasi moja, ndiyo maana thamani inakua mara kumi. Ubao ulinifichia kosa hilo miaka yote kwa sababu nilikuwa nafuta na kuandika upya, na jibu lilikuwa linatoka sawa. Watoto wangapi niliwapa jibu sahihi na sababu ya uongo? Iliniuma sana. Na iliniuma zaidi kwa ajili ya Mwalimu Zefania, kwa kuwa kukiri ilikuwa ni kumkosoa yeye mbele za watu, naye hayupo kujitetea.

Ningeweza kumwambia Nakundwa akae. Mtoto wa Darasa la Tano anaambiwa akae na anakaa. Wageni wangeandika "somo zuri," projekta ingebaki, ningestaafu na jina langu. Nikikiri, naweza kuwa nimeipakia projekta kwenye bodaboda kwa mikono yangu mwenyewe. Nilisimama pale nikipima, na Nakundwa bado amesimama, ananisubiri kwa adabu.

Nikasema, "Nakundwa yuko sahihi. Mimi nimekosea. Na sikuanza leo, nimekosea tangu kabla hamjazaliwa."

Yule mama wa miwani akafungua daftari lake gumu akaanza kuandika, akaandika, akaandika. Mwalimu Mkuu alikuwa amefumba macho.

"Haya, Nakundwa," nikasema. "Tufanyeje?"

"Nukta irudi mahali pake, Madam. Namba ndizo zihame."

"Na kwa nini nukta isihame?"

"Ni kama isale, Madam. Babu anasema mbuzi wahame, watu wahame, isale libaki."

Wasio wa huku niwaambie: isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa mashamba. Huku kwetu unaweza kugombana na jirani, unaweza hata kumnyima moto wa kuwashia jiko, lakini isale huligusi. Ukiling'oa usiku, asubuhi unaitwa kwenye kikao cha ukoo na wazee hawatabasamu. Darasa zima lilijua hilo. Nikaona vichwa vinatikisika, mpaka kwenye benchi la mwisho la wasinziaji.

Gladness hakusubiri kuambiwa. Akairudisha nukta, akaikata kwenye slaidi, akaibandika kwenye slaidi mama, ile ya nyuma inayobeba vichwa na mistari, ambako kipanya hakiifikii mpaka uifuate hukohuko. Akachora majani mawili marefu, moja kila upande. Yote hayo ukutani, mbele ya wageni, watoto wakitazama somo linavyotengenezwa. Kisha nikamwita Nakundwa aje kwenye kompyuta. Akajaribu kwanza kuiburuta nukta, mtundu yule. Ikagoma. Wakapiga makofi. Akahamisha nane kwenda mamia, nne kwenda makumi, sita kwenda mamoja, na safari hii Mwalimu Mkuu akanenepa kihalali.

Baada ya hapo walikuja mmoja mmoja. Tulizidisha kwa mia, mamoja ikabaki tupu, tukamwita sifuri aje alinde kiti. Tukagawanya 84.6 kwa kumi, Mwalimu Mkuu akawa na kilo 8.46, mtoto wa kubebwa mgongoni, na mmoja akauliza kama ameshachanjwa. Nilimwona Mkuu mwenyewe kule nyuma anajikaza, mashavu yanacheza, hadi akashindwa akacheka na machozi.

Somo lilipokwisha, mama wa miwani alinijia mbele.

"Mwalimu, lile kosa mlilipanga?"

"Hapana, mama."

"Na kilo za Mwalimu Mkuu?"

"Hizo zilipangwa. Ila si kwa leo."

Akavua miwani akaifuta. Akasema ameshakaa kwenye masomo mengi ya projekta, na kote slaidi zinasomwa kama tangazo, mwalimu anabonyeza, watoto wanaitikia. Hakuwahi kuona darasa likimrekebisha mwalimu, kisha mwalimu akairekebisha slaidi hapohapo. "Vifaa vibaki," akamwambia Mwalimu Mkuu. "Na kile kitambaa kizuri ukipeleke nyumbani kwako." Kisha akaomba nakala ya faili.

Nikaitwa ofisini. Nilikwenda nikijua nimekwisha. Mwalimu Mkuu alifunga mlango, akakaa, akarekebisha koti.

"Madam Nakiete."

"Naam, Mkuu."

"Hizo slaidi, zinaharirika, sivyo?"

"Zinaharirika."

"Basi kwenye hiyo nakala ya mama, niandikie sabini na tisa nukta tisa."

Nikaandika. Mtu akikusamehe kwa bei hiyo unalipa haraka.

Alasiri ile, kabla ya kutuma faili, nilimwomba Gladness kitu kimoja. Nukta ilikuwa nyeusi. Nikamwambia aifanye ya kahawia, ndefu kidogo, yenye kibonyeo ubavuni, kama harage. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza habari za Mwalimu Zefania, harage lake, na yule mtoto wa puani. Nikamwambia alinifundisha kumpenda mtoto anayeuliza, na hilo ndilo lililoniokoa leo. Harage halikuwa na kosa, lilirukishwa tu bure miaka yote. Sasa likae. Gladness hakucheka. Alilichora kwa uangalifu, akalifunga kwenye slaidi mama kati ya majani ya isale.

Mwezi uliopita alikuja hapa kijana mmoja, mwalimu huko Msangeni, mpwa wa jirani yangu. Akanisalimia, nikampa chai ya tangawizi, akasikia kwamba nilikuwa mwalimu wa Hisabati. Akatoa simu kunionyesha slaidi za desimali walizotumiwa kwenye kundi la walimu. "Bibi, hizi ni kali," akasema, "sijui alitengeneza nani." Nikavaa miwani. Mwalimu Mkuu wa kwao alikuwa na kilo 91.2. Tangawizi imekuwa ndizi, ndoo ya mvua imekuwa debe. Wamehariri kila kitu, kama inavyotakiwa.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," akasema. "Hii nukta. Ina rangi ya kahawia, imekaa kama harage. Nimejaribu kuifuta niweke nyeusi, haishikiki. Nimejaribu kuisogeza, haisogei. Wewe uliyefundisha zamani, unajua namna ya kuitoa?"

Najua. Unaingia kwenye slaidi mama, unaigusa, unafuta, sekunde tano.

Nikamwambia sijui.